Raudha na Riadha: Mbio za Alfajiri Mjini Unguja

Msafiri aliyelala Mji Mkongwe hahitaji saa ya kumwamsha, kwa maana ikaribiapo saa 11 ya alfajiri adhana hutoka katika msikiti mmoja ikapokewa na wa pili, na wa pili haujamaliza wa tatu umekwisha kuanza, mpaka aliye kitandani akadhani kuta zenyewe za mawe na chokaa ndizo zinazoita. Ndivyo nilivyoamka mimi asubuhi ya kwanza ya safari yangu ya Unguja, mwanzoni mwa Februari, wakati pepo za kaskazi zingali zikivuma na joto la usiku halijaondoka vyumbani. Nikavaa raba zangu kwa kupapasa, nikateremka ngazi za mbao za nyumba ya wageni kule Shangani, na bawabu, ambaye alikuwa akijitayarisha kwenda msikitini, akanifungulia mlango mzito wa nakshi huku akinitazama kwa wasiwasi.

"Kheri, bwana?"

"Kheri, ami. Natoka kukimbia kidogo."

Aliipima kauli ile kwa muda, kisha akasema, "Basi Mwenyezi Mungu akurejeshe salama," na kwa dua hiyo nikatoka.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, lakini riziki imeniweka Arusha kwa miaka mingi, na mwaka huo nilikuwa nimejiandikisha kukimbia nusu marathoni, yaani masafa ya kilomita 21 na kidogo, katika mashindano ya Kilimanjaro yafanyikayo Moshi kila mwaka ifikapo mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Mtu wa umri wangu anayejitayarisha kwa masafa kama hayo hawezi kuacha mazoezi kwa wiki nzima kwa hoja ya kuwa yu safarini, maana miguu husahau upesi kuliko inavyojifunza. Wala hawezi kuyaendea mazoezi ya ugenini kama ayaendeavyo ya nyumbani, kwa kuwa njia haijui, hewa haijaizoea, na wenyeji hawamjui. Hayo ndiyo ninayotaka kumweleza msomaji, hasa yule ambaye hajakimbia tangu siku za mchakamchaka wa shuleni, pamoja na jambo jingine ambalo sikulitarajia: kwamba katika mji huu uliosifiwa ulimwenguni kote kwa milango na maghorofa yake, kitu nilichokipenda kuliko vyote ni mahali ambapo hapakujengwa.

Kabla sijaendelea, nina neno moja juu ya lugha. Sisi Waswahili tumelichukua neno "riadha" kutoka Kiarabu, nasi tumelitumia kwa michezo ya mbio na miruko hata tumesahau kwamba asili yake ni kufunza na kutiisha, kama mtu amtiishavyo mwanafarasi mpaka akakubali hatamu. Neno "raudha" nalo, ambalo twalijua kwa jina la mabinti zetu na kwa ile Raudha tukufu ya msikiti wa Mtume kule Madina, maana yake ni bustani. Maneno haya mawili, bustani na mazoezi, yametoka katika shina moja la herufi tatu: re, wau na dhadi. Sidai kuwa mabedui wa kale walikuwa wakikimbia bustanini. Nasema tu kwamba kila nilipozunguka bustani za Unguja, jasho likinitoka na nafsi ikinishawishi kurudi kitandani, niliona kwamba lugha ilikuwa na haki ya kuyaweka maneno hayo katika nyumba moja.

Kutoka Shangani hadi bustani ya Forodhani ni dakika chache kwa mtu anayepasha misuli moto kwa kutembea, na ndivyo ipasavyo, kwa kuwa misuli iliyotoka usingizini haifai kukurupushwa. Nilifika pale giza likianza kupauka. Msomaji aliyewahi kufika Forodhani jioni anaikumbuka kwa taa na moshi, mishikaki, pweza, urojo na miwa inayokamuliwa kwa tangawizi na ndimu; lakini alfajiri ni mahali pengine kabisa. Kina mama wawili walikuwa wakifagia kwa mafagio ya chelewa, wakienda bega kwa bega na kuacha nyuma yao mistari sawasawa kama ya jamvi; paka, ambao mjini humu hawana idadi, walikuwa wakigombea kichwa cha changu; na kunguru, wale ambao wazee wao waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka za mji, walikuwa wamekwisha kujipanga ukutani wakingoja zamu yao. Pale yalipokaa majiko usiku, sakafu ilikuwa na utelezi wa mafuta, nami nilijifunza siku ileile ya kwanza kupita pembeni, upande wa ukuta wa bahari, ambako mawe ni makavu na upepo unafika.

Bustani hii imekaa juu ya ardhi ya kazi. Jina lake latokana na forodha, kwa kuwa hapa ndipo bidhaa zilipoteremshwa na kutozwa ushuru; na kuanzia mwaka 1905 garimoshi lililokwenda Bububu, masafa ya maili 7 hivi upande wa kaskazini, lilikuwa likianzia jirani na Ngome Kongwe, likipita barabarani miongoni mwa watu, mikokoteni na punda. Reli ile haikudumu hata miaka 30. Mwaka 1936, Sayyid Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya kukaa kitini, pakafanywa bustani ya jubilei kwa ajili ya watu wote, na hata jina lile la jubilei lilipoondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, bustani ilibaki kuwa ya watu wote. Ilichakaa, ikazidi kuchakaa, kisha ikatengenezwa upya kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, ikiwa na njia za mawe, nyasi, na vivuli vya miti ambavyo mkimbiaji huvishukuru jua linapochomoza.

Lakini Forodhani ni ndogo, na mtu akitaka kuizunguka mpaka atimize kilomita 10 atapata kizunguzungu kabla ya kupata faida. Bustani ndogo ina matumizi yake. Wakimbiaji hugawa mazoezi yao katika namna mbalimbali: ziko mbio ndefu za polepole, ambazo ndizo chakula cha kila siku, zikimbiwazo kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenziwe bila kukatwa na pumzi, na ziko mbio za vipande, ambapo mtu hukimbia kwa kasi masafa mafupi, akatembea mpaka roho ikatulia, akarudia tena. Bustani ndogo yafaa kwa vipande. Nilikuwa nikikimbia kwa kasi kutoka pembe iliyo karibu na Ngome mpaka pembe iliyoelekea Beit al-Ajaib, nikarudi kwa kutembea nikihesabu pumzi, mara 6 au 8, kisha ndipo nikaingia barabara ya Mizingani kuuzunguka mji.

Beit al-Ajaib yenyewe sikuweza kuipita bila kupunguza mwendo. Jumba lile la Sayyid Barghash lililojengwa mwaka 1883, refu kuliko majumba yote ya mji na la kwanza kuwashwa taa za umeme, liliporomoka upande mmoja mchana wa tarehe 25 Desemba 2020, na mtu aliyelijua tangu utotoni, alipokuwa akiletwa na wazazi wake kutoka Tanga kutembea, hawezi kuliona likiwa na jeraha lile asisikie jambo kifuani. Mbele ya ufuo huuhuu, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza ziliupiga mizinga mji kwa muda usiotimia dakika 45, muda mfupi kuliko mazoezi yangu ya asubuhi, na kwa muda huo watu wapatao 500 wakapoteza maisha au kujeruhiwa. Nilikuwa nikilikumbuka hilo kila nilipotazama saa yangu mahali pale, na mwendo wenyewe ulikuwa ukinilegea.

Mbele kidogo uko mtini mkubwa ambao husemwa ulipandwa na Sayyid Khalifa mwaka 1911, na ambao chini yake mafundi wa mashua wamepata kivuli kwa vizazi kadhaa. Pale nilisimama asubuhi ya kwanza, si kwa kuutazama mti, bali kwa sababu nilikuwa nimeshindwa. Sikuwa nimetimiza hata kilomita 3, fulana yangu ilikuwa imelowa kama iliyotoka kufuliwa, na mapigo ya moyo niliyoyahesabu shingoni kwa vidole viwili yalikuwa yamepita 160 kwa dakika, ilhali kwa mwendo uleule Arusha hayazidi 140.

Sina budi kueleza sababu yake, maana wengi hudanganyika kama nilivyodanganyika mimi. Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtu ashukaye kutoka huko huambiwa kwamba pwani pumzi zitamjia kwa urahisi, kwa kuwa hewa ya chini ni nzito zaidi na kila pumzi huchukua oksijeni nyingi kuliko ile ya mlimani. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayajatimia. Katika nguvu zote ambazo misuli ya mwanadamu huzitumia, takriban robo tu ndiyo inayogeuka kuwa mwendo. Iliyobaki huwa joto, na joto hilo lazima litoke mwilini ama sivyo litamwangusha mwenyewe. Njia kuu ya kulitoa ni jasho, na si kutoka kwa jasho kunakouburudisha mwili, bali ni kukauka kwake juu ya ngozi. Katika hewa ya Unguja, iliyokwisha kushiba mvuke wa bahari, jasho halikauki: huchuruzika mgongoni, likadondoka chini, maji na chumvi vikapotea na mwili usipate baridi yoyote. Moyo nao hulazimika kutumikia mabwana wawili, misuli inayodai damu ili ifanye kazi na ngozi inayodai damu ili itoe joto, na kwa hiyo hupiga upesi hata kama miguu haijaongeza mwendo. Ajabu ni kwamba alfajiri, iliyo saa ya baridi kuliko zote, ndiyo pia saa ambayo unyevu wa hewa umezidi. Mchana ukavu huongezeka kidogo, lakini jua la kaskazi halimpi mtu nafasi ya kufaidi ukavu huo.

Dawa yake ni subira. Mwili ukiingizwa katika joto kila siku kwa kiasi, hujitengeneza wenyewe: maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, na chumvi inayopotea hupungua. Kazi hiyo huchukua wiki moja mpaka mbili, na hakuna anayeweza kuiharakisha. Kwa hiyo mgeni aliyekuja kwa siku 7 asitafute rekodi. Na akimbie kwa pumzi, si kwa saa, apunguze masafa siku za kwanza, anywe maji kabla ya kusikia kiu, na akisikia kisunzi, au kichefuchefu, au ngozi ikimsisimka kwa baridi ilhali jua linawaka, asimame palepale, akae kivulini na ajimwagie maji. Tangu siku ile nilikuwa nikipita mtini kwa mwendo wa mtu aendaye kuzungumza, na wazee waliokuwa wakinywa kahawa pale, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake huku dele likitoa moshi juu ya makaa, wakanizoea hata wakawa wananiitikia salamu kabla sijaitoa.

Malindi nilikuwa nikipita kwa kutembea. Watu hutoka kwenye sala ya alfajiri kwa utulivu, wakishikana mikono na kuulizana hali, na mtu anayewapenya mbio, akitweta na kurusha jasho, huwaondolea utulivu ule hata kama hakukusudia. Ule msikiti wenye mnara wa umbo la pia, ambao ni miongoni mwa misikiti ya kale kabisa ya mji, uko hapo, na mgeni hapungukiwi na kitu akienda hatua 200 kwa taadhima. Kadhalika sikupata kukimbia ndani ya vichochoro: kwanza kwa sababu nimewahi kupotea humo mchana kweupe, na pili kwa sababu kichochoro cha Mji Mkongwe ni ukumbi wa nyumba za watu, palipo na baraza za kukalia na milango iliyo wazi, na mtu hakimbii katika ukumbi wa mwenziwe. Suruali yangu ilifika chini ya magoti. Mwanamke mgeni apendaye kukimbia atapata raha zaidi akivaa nguo za kujisitiri, na hatakuwa peke yake, kama nitakavyosimulia.

Baada ya Malindi barabara hupinda kusini, na hapa ndipo msomaji aliyekaa mjini hapo miaka yote hukanyaga jambo asilolikumbuka. Barabara hiyo, ambayo leo inaitwa kwa jina la Benjamin Mkapa na ambayo wengi wangali wakiiita Creek Road, haikuwa barabara. Ilikuwa bahari. Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa, maji yakiuzunguka kwa mkono mmoja ulioingia kutoka kaskazini na kushuka mpaka karibu na Mnazi Mmoja. Maji yalipojaa mtu alivuka kwa mashua au kwa daraja, na daraja hilo ndilo lililoacha jina la Darajani, lilipo soko kuu lililofunguliwa mwaka 1904. Waliokaa upande wa pili wa maji waliitwa watu wa Ng'ambo. Katika karne ya 20 mkono ule wa bahari ukafukiwa kidogo kidogo, sehemu baada ya sehemu, hata maji yakatoweka. Lakini jina la Ng'ambo halikutoweka, wala mpaka uliokuwa mioyoni mwa watu, baina ya mji wa mawe na mji wa udongo, haukutoweka siku moja na maji.

Nikiisha kupita Darajani, ambako wenye mikokoteni huwa wameanza kushusha mihogo na ndizi na kelele za mnada wa samaki zinasikika, na nikiisha kupita mbele ya Mkunazini, lilipo kanisa kuu la Kianglikana juu ya ardhi ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, nilikuwa nikifika Mnazi Mmoja, na hapo kifua kilikuwa kikifunguka. Baada ya kilomita nzima ya maduka na mabasi ya daladala, ghafla mbele yako huna kitu ila uwanja: nyasi, michanga, mivinje na minazi pembezoni, bahari ikionekana ng'ambo ya barabara, na kuba jeupe la Beit al-Amani, kazi ya John Sinclair iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa kumbukumbu ya waliokufa katika Vita Kuu, limekaa kwenye njia panda. Waingereza walikuwa wakicheza gofu na kriketi mahali hapa, na uwanda ulikuwa ukitumika kuutenga mji wa mawe na mitaa ya Ng'ambo. Lakini mpira wa miguu uliletwa, ukapendwa, na vijana wa Ng'ambo wakauteka uwanja kwa miguu yao, jioni baada ya jioni, mpaka mahali palipokusudiwa kuwatenga watu pakawa ndipo wanapokutania. Siku Kuu zikifika, watoto huvalishwa nguo mpya wakaletwa hapo kucheza.

Nami nasema bila kificho kwamba uwanja huu ni hazina sawa na mlango wowote wa nakshi. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ilistahili. Wageni huja na kamera zao wakahesabu milango, wakapiga picha vipembe vya shaba na minyororo iliyochongwa, wakaondoka. Sikumwona hata mmoja akipiga picha uwanja mtupu. Ardhi tupu haina fundi wa kusifiwa, na kwa sababu hiyo ndiyo rahisi kuliko vyote kupotea: leo kipande cha maegesho ya magari, kesho kibanda, keshokutwa ghorofa, na mtoto wa Kikwajuni asiye na ua nyumbani kwao akabaki na barabara ya kuchezea. Mlango ukichakaa fundi atachonga mwingine; uwanja ukijengwa haurudi. Naandika haya kwa uchungu kwa kuwa nimekaa katika mji mmoja wa bara ambao viwanja nilivyokimbilia nikiwa kijana leo siwezi kuvionyesha isipokuwa kwa kidole, nikisema palikuwa pale.

Kwenye uwanja huo, na ule wa Maisara ulio jirani yake, niliwakuta watu. Siku ya pili, jua halijachomoza, nikasikia sauti za kuitikiana na vishindo vya miguu mingi iendayo kwa pamoja, na kutoka upande wa Kikwajuni kikaja kikundi cha watu 40 au zaidi: wanaume na wanawake, vijana na wenye mvi, akina mama wengi wakiwa na mitandio na suruali ndefu chini ya madera, kiongozi mbele akiimba na wengine wakimpokea. Huu ndio mchakamchaka, ambao Mtanzania yeyote aliyepita shule au Jeshi la Kujenga Taifa anaujua katika mifupa yake. Lakini Zanzibar wameutoa shuleni na kambini wakaufanya mali ya mitaa. Karibu kila mtaa una kikundi chake cha mazoezi, na kila ifikapo tarehe 1 Januari vikundi vya Unguja na Pemba hukusanyika kwa maelfu, wakatembea na kukimbia barabarani pamoja na viongozi wa nchi kuufungua mwaka. Sijui mahali pengine katika Afrika Mashariki ambapo mwaka hufunguliwa hivyo, nami nawahusudu.

Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa mwisho wa safu, aliniona nikikimbia peke yangu pembeni akanipungia mkono. "Mbona peke yako, kaka? Njoo huku, mbio za peke yako zina uvivu." Nikaingia. Mwendo wao ulikuwa wa polepole kuliko wangu, lakini nyimbo zina hila: mtu aimbaye hawezi kukimbia kupita pumzi zake, na kwa hivyo wimbo ule ulikuwa kipimo bora kuliko saa yangu ya mkononi. Tulizunguka uwanja, tukaenda mpaka Michenzani palipo yale maghorofa marefu yaliyojengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, tukarudi. Nilipotazama, tulikuwa tumekwenda kilomita 7, nami sikuwa nimesikia uchovu wa ile 3 ya jana.

Tulipokuwa tukinyoosha viungo, kijana mmoja aliposikia kuwa nimetoka Arusha aliniuliza kama namjua Filbert Bayi. Kila aliyekimbia upande wetu ule anamjua. Mzaliwa huyo wa Karatu, tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia, na aliifanya kwa namna ambayo walimu wengi wa riadha wa siku hizo waliiona kuwa wazimu: alitoka mbele tangu mlio wa bastola, akakaa mbele peke yake, na hakuna aliyemfikia mpaka utepeni. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, kule Kingston, Jamaika, akaivunja na rekodi ya maili kwa dakika 3 na sekunde 51. Mazoezi yake mengi aliyafanya barabarani na porini kama tunavyofanya sisi. Kijana yule naye akanisimulia, macho yakimng'aa kana kwamba alikuwapo, jinsi Alphonce Simbu alivyoshinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo mwezi Septemba 2025, akimpita Mjerumani kwa kifua tu baada ya kilomita 42, wote wawili wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Tukapeana mikono kana kwamba ushindi ule ulikuwa wetu, nasi tulikuwa na haki.

Kutoka Mnazi Mmoja nilikuwa nikirejea kwa njia ya Vuga na bustani ya Jamhuri, ambayo zamani iliitwa kwa jina la Malkia Victoria, nayo ina miti ya kigeni iliyoletwa na Sir John Kirk kutoka shamba lake la Mbweni. Iko mkabala wa Ikulu. Hapo mtu hupita kwa adabu na simu yake mfukoni.

Siku ya sita nilimkuta mzee mmoja ameketi juu ya kijiwe pembezoni mwa Mnazi Mmoja, kanzu yake nyeupe, bakora mapajani. Nilikuwa nimemwona kila siku.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Waondoka lini?"

"Kesho kutwa, inshallah."

"Basi kesho usikimbie upande ule wa chini," akasema, akinyoosha bakora kuelekea baharini. "Mwezi umepevuka. Bamvua."

Nilimwambia kwamba barabara iko katikati ya bahari na uwanja, na ukuta upo. Akatikisa kichwa kwa upole. Alinieleza kwamba babu yake aliwahi kuvua dagaa karibu na pale tulipokaa, na kwamba maji hayakusahau njia yao; hayahitaji kupita juu ya barabara, maana yanajua kupita chini yake.

Wakati nilipofika Unguja yalikuwa maji mafu, bahari ikipanda na kushuka kwa kiasi kidogo bila kelele, na alfajiri nilikuwa nikiikuta imejitenga mbali, ngalawa zimelala ubavu mchangani. Msomaji wa bara na ajue kwamba mwezi ukiandama au ukipevuka, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, ndipo huja maji ya bamvua, ambayo katika pwani hii huweza kupishana kiasi cha mita 4 baina ya kujaa na kupwa; na kwa Unguja, siku za bamvua, bahari hujaa karibu na saa za alfajiri na tena alasiri.

Asubuhi ya mwisho nilikwenda. Kulikuwa na mwanga wa kutosha kuona. Barabara ilikuwa kavu, ukuta ulikuwa kavu, lakini upande wa chini wa Mnazi Mmoja uwanja ulikuwa umelala kama sinia la shaba, maji yametandaa juu ya nyasi bila mawimbi, kimya, kina chake hakizidi kifundo cha mguu, na kuba la Beit al-Amani limeonekana ndani yake juu chini. Niliinama nikachovya kidole, nikakiweka ulimini. Yalikuwa ya chumvi.

Vijana kama kumi wa mpira walikuwa wamefika kabla yangu. Hawakuonyesha mshangao wowote; mmoja aliyang'oa mawe mawili yaliyokuwa goli, akayabeba kifuani mpaka upande wa juu palipokauka, akahesabu hatua 5, akayaweka chini, na mwenziwe akafanya vivyo hivyo kwa goli la pili. Nilivua raba nikazifunga kamba pamoja, nikazitia shingoni, nikaanza kuuzunguka uwanja kwa mwendo wa polepole, mguu mmoja majini na mmoja nchi kavu, huku nyuma yangu wakipigiana kelele wapeane pasi.